Betri Nimeitoa, Tokeni Sijaitia

Leo nimejiaibisha mbele ya shangazi, jirani yake na mita ya stima.

Mwanasha, binti yake shangazi, anaanza chuo Jumatatu. Nilimwahidi kompyuta. Nimeitafuta miezi mitatu, Galu hadi Msambweni: iwe ya bei ninayoiweza, isiwe ya kizamani, na ikubali kubadilishwa ile programu ndogo inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Nataka niweke ya wazi, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, ndipo niweke mfumo wa bure wa Linux. (Niliacha shule darasa la saba. Tangu hapo nasoma kila nisichotakiwa kusoma.)

Juzi nikaipata Ukunda, kwa fundi wa simu. Ndogo, haina hata mkwaruzo! Mwanasha akaifunika kwa leso yake mpya.

Aina hii ina kinga: programu yake haibadiliki mpaka uchomoe betri. Ukishaichomoa, inaishi kwa stima ya ukutani peke yake. Hilo nalijua. Nimelisoma mara kumi.

Asubuhi shangazi akanituma tokeni, zile namba za kulipia stima. Nikainunua kwa simu, nikarudi kwenye kompyuta ya Mwanasha.

Saa nne nikachomoa betri, nikaanza kuiandika ile programu mpya. Mwanasha akasimama nyuma yangu.

"Kaka, hapo unafanya nini?"

"Naikomboa."

"Kutoka kwa nani?"

(Swali zuri. Nikajifanya sikulisikia.)

Asilimia ishirini. Arobaini. Mita ikaanza kulia: ti, ti, ti. Ikanichanganya kichwa! Nikaifunika kwa mto.

Asilimia sitini na nane, kioo kikawa cheusi. Feni ikasimama.

Nikatoka nje, bisibisi mkononi. "Watu wa stima hawana huruma! Leo hii! Si wangengoja hata dakika mbili!" Nilisema mengi. Nilitaja mpaka haki za raia.

Mama Kamau, jirani aliyetoka bara, akachungulia dirishani. "Aii, kwani kuna nini? Huku kwangu stima iko. Hata friji inanguruma."

Nikashusha bisibisi.

Shangazi akatoka jikoni taratibu, unga wa mahamri mikononi. "Mwanangu, zile namba za tokeni umezitia kwenye mita?"

Namba ishirini. Zimo ndani ya simu. Simu imo mfukoni.

"Na mto wangu unafanya nini juu ya mita?"

Jamani! Mama Kamau alicheka mpaka akatoweka pale dirishani.

Tukatia namba, stima ikarudi, feni ikazunguka. Kompyuta haikuamka. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Nikashindwa kumtazama Mwanasha usoni.

Akaja akaketi kando yangu. "Imekufa?"

"Haijafa. Inataka kile kibanio cha kuibana chipu yenye ile programu, iandikwe upya kutoka nje. Sina."

"Basi Jumatatu nitakwenda na daftari." Akairudishia leso, polepole, kama anayemfunika mgonjwa. "Lakini usimpelekee mtu mwingine, kaka. Imalize wewe. Na siku hiyo uniite, mita niiangalie mimi."

Nikaitikia kwa kichwa tu.

Kwa hiyo mwenye kibanio hicho, Vanga hadi Ukunda, anijulishe. Na kama ni lazima ucheke, cheka ukiwa njiani unakileta.