Sweta la Chongo

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimepata wazo la mwaka! Jumamosi kituo chetu cha kutunza paka kinahamia jengo jipya, na Mkuu anatafuta msimamizi wa zamu. Tuko wawili tu: mimi na mwenzangu niliyembandika jina la Kiherehere, maana hufika kazini kabla ya mlinzi kuamka. Jengo jipya, rangi mpya, halafu paka waingie na matambara yenye manyoya ya tangu enzi? Aibu. Mkuu alieleza utaratibu wa kuhama asubuhi, ila nilikuwa nje naongea na simu. Haidhuru. Kubeba paka ni kubeba paka.

Ijumaa, 8 Machi

Kiherehere kaenda kupanga vizimba vipya. Nafasi hiyo! Nimepita huku na huku na gunia, nikazoa mablanketi, taulo, mito midogo, hata sweta kuukuu analolalia Chongo, mzee wetu wa jicho moja. Kaling'ang'ania kwa kucha. Tumevutana. Nimeshinda, lakini mkono wangu hautazamiki. Nimewawekea mablanketi mapya ya wafadhili, yananukia maua.

Gunia nimempelekea mama mkwe, nikasema ni zawadi ya matambara ya kudekia. Mama mkwe hajawahi kunisifu tangu nimwoe binti yake. Leo kasema kumbe nami nina akili. Mambo yananinyookea.

Jumapili, 10 Machi

Yamenikuta. Tumehama jana na paka wamegoma. Mapacha wamejibanza nyuma ya mashine ya kufulia. Bi Mkubwa kakojolea blanketi jipya mbele ya Mkuu, huku akimkazia macho. Hao angalau wanaonjaonja chakula. Chongo kageukia ukuta. Hali, hanywi.

Mkuu akauliza vitu vyao viko wapi. Kumbe ndio uliokuwa utaratibu! Kila paka ahame na tambara lake, tena bila kufuliwa, ili pua imwambie kwamba bado yuko kwao. Kiherehere akasema alijua nimevifunga mimi. Nikasema viko njiani. Mkuu akauliza njia ipi. Nikakohoa.

Daktari kampapasa Chongo tumbo, akasema paka mzee akisusa chakula siku kadhaa ini huharibika, na hapo kumrudisha ni kazi. Nimekwenda chooni nikajifungia. Nampenda yule mzee. Nimeshaandika, basi.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi nimempelekea Chongo samaki. Nimembembeleza. Nimemvulia shati langu. Kalinusa, kapiga chafya, karudi ukutani. Mbavu zinahesabika.

Nikatoka mbio hadi kwa mama mkwe. Balaa! Matambara yote yako kwenye kamba, yamefuliwa, yananukia duka. Nikauliza sweta. Akanyoosha kidole chini. Nilikuwa nimelikanyaga: kalifanya la kupangusia miguu mlangoni. Hajalifua, alisema, maana lile hata sabuni ingeona haya.

Nikaliomba. Akasema zawadi haidaiwi. Nikamwambia ni amri ya daktari, lina ugonjwa. Akauliza ugonjwa gani, mbona yeye mzima. Nikamweleza yote, tangu gunia hadi ini, na machozi yakanitoka. Vumbi lilikuwepo, lakini si hilo. Mama mkwe hakunigombeza. Alivaa viatu, akalikunja sweta na kulitia kwapani, akasema twende wote, nikipewa mimi nitalipoteza.

Tulimkuta Kiherehere kaketi sakafuni kando ya kizimba, kashika bakuli, chai yake imepoa pembeni. Alikuwa hapo tangu nilipoondoka. Nilitamani kumwita kwa jina lake halisi.

Mama mkwe akalisukuma sweta ndani. Chongo hakugeuka. Sikio likacheza. Kisha akainuka, akajikongoja, akazika uso wote kwenye mkono wa sweta na kuanza kulikanda kwa miguu ya mbele. Akakoroma hadi kizimba kikatetema. Kiherehere akasogeza bakuli, naye akala, akalilamba likang'aa. Tulilia wote watatu, na mama mkwe akapenga kamasi kwenye shati langu.

Jumatano, 13 Machi

Kiherehere ndiye msimamizi wa zamu. Mimi nimekabidhiwa mchanga wa vyoo vya paka. Haki yangu. Chongo anakula mara mbili na kumzomea kila anayekaribia sweta, mimi hasa.

Nimejifunza somo kubwa. Kiumbe mzee akihama, vitu vyake visiguswe. Hilo sitalisahau hadi naingia kaburini.

Jioni mke wangu kanipa habari njema: mama yake anahamia kwetu Jumapili, magoti hayamruhusu tena kuishi peke yake. Nimefurahi kweli, baada ya alichonifanyia. Lazima nimlipe fadhila. Nimeshapata wazo! Ule mto wake uliobonyea, kile kiti kinacholia akikikalia, kikombe kisicho na mkono, na khanga zilizopauka: nimemwambia mzoa taka apite kwa mama mkwe Jumamosi avibebe vyote, mwenyewe akiwa sokoni. Kwetu atakuta chumba safi, kila kitu kipya, kinanukia maua. Atalia kwa furaha!