Theuri Ataka Ashtakiwe

"Haiya! Mmeona hii?" Mburu, anayeitwa Redio kwa sababu haijulikani anazimiwa wapi, aliinua simu juu ya sahani za nduma pale kibandani kwa Tabby. "Imetumwa kwa grupu ya Tetu. Ati dereva wa gari ya mbio amekataa kuachiliwa na polisi. Analia ashtakiwe!"

Theuri, jina lake la kijiweni Roketi, akauficha uso ndani ya kikombe. Kigari chake chekundu kilikuwa kimeegeshwa hapo nje, na hakuna asiyekijua.

"Ni mimi," akasema. "Na niko na haki! Dashibodi ilisoma mia na ishirini. Halafu Mwangangi ananiambia tisini!"

"Mashine ya kupima kasi ilisema tisini," Afande Mwangangi akajibu kutoka benchi ya pembeni, akimenya yai bila haraka. "Tisini si kosa. Nikakuambia enda nyumbani, ukanishika mkono."

Wenzake hawakuelewa uzito wake. Wiki jana, kwenye benchi hii hii, Theuri alimwapia mkewe Ngendo kwamba difu mpya, ile gia ya ekseli ya nyuma, isipoipeleka gari mia na ishirini, basi gari itabeba maziwa. Karatasi ya mashtaka ndiyo ingekuwa shahidi wake.

"Wewe Spana!" akamgeukia Wamae, makanika. "Si ulisema na hii difu gari itaruka?"

"Kwani hairuki?"

"Inaruka! Nikikanyaga, shingo inarudi nyuma."

"Basi. Zamani propela, ile shafti ya kutoka kwa injini, ilizunguka mara tatu ndio tairi izunguke moja. Sasa ni mara nne. Nguvu ya kuondoka imeongezeka, kasi ya mwisho imepungua. Na dashibodi yako inahesabu mizunguko ya propela, si ya tairi. Nani aliiambia umebadilisha difu?"

Mburu akapiga meza, chai ikaruka. "Woi! Injini iko mia na ishirini, tairi ziko tisini! Buda, umenunua kelele!"

"Afande, nihurumie," Theuri akasihi. "Andika tu mia na ishirini."

"Ndio nifutwe kazi? Kunywa chai."

"Wamae," sauti ikasema mlangoni. Theuri alijua bila kugeuka. Ngendo alikuwa amesimama hapo kitambo, mitungi miwili ya maziwa miguuni. "Hiyo difu kazi yake ni gani haswa?"

"Ni kuvuta, Mama Shiro."

"Hata mlima?"

"Mlima ndio raha yake."

"Sasa hapo umesema." Akaenda kufungua buti ya gari, apakie mitungi.

Kijiwe kizima kilisimama kuwapungia mikono. Gari ikaukabili mlima bila kuguna, mitungi ikigongana nyuma, na Theuri, pamoja na aibu zake zote, akausikia ule mvuto mgongoni. Akashindwa kujizuia.

"Ngendo, cheki! Sitini, na ni mlima!"

Ngendo hata hakuitazama dashibodi.

"Hiyo ni arobaini na tano, Baba Shiro."