Breki ya Mwalimu

Jumanne, 4 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi! Mwenye chuo chetu cha udereva katuita walimu wote asubuhi, akatangaza anataka mwalimu mkuu. Miaka kumi na tisa nafundisha hapa. Nikasimama, nikaweka kola sawa, tayari kushukuru. Kumbe hajamaliza! Akasema mkuu lazima awe na cheti cha uwanja wa mbio za magari. Na nani anacho? Yule mwalimu tunayemwita Miwani! Aliyeajiriwa juzi tu, niliyemwonyesha mimi choo kiko wapi. Kakitundika juu ya birika la chai, usipate kikombe bila kukisoma.

Nikauliza, je, na mwingine akikipata? Mwenye chuo akakuna kidevu, akasema basi cheo atapewa mkongwe. Uamuzi Jumatatu. Mkongwe ni nani kama si mimi?

Jumatano, 5 Machi

Nimejiandikisha siku ya wanagenzi kwenye uwanja wa mbio, Jumamosi. Unapewa gari la mbio na mkufunzi kando, mwenye breki yake miguuni, kama niliyonayo mimi kwenye gari la chuo. Ukimaliza mizunguko mitatu bila yeye kuigusa, cheti chako. Mitatu tu! Mchezo wa watoto.

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Akauliza mara ya mwisho nilishika usukani lini. Swali gani hilo? Nashinda ndani ya gari tangu asubuhi! Akasema ndiyo, kwenye kiti cha abiria. Na hata gari la nyumbani anaendesha yeye. Anaendesha vibaya, ndiyo maana namsaidia kukanyaga sakafu! Akatoka, akarudi na zulia la gari la upande wangu. Lina tundu la kisigino. Akaliweka mezani, karibu na mkate. Nimenuna tangu saa hiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejishusha, nikamwomba Miwani ushauri. Kanijibu upesi mno, tena kwa tabasamu: nifunge breki kabla ya kona; nikishaingia, nisiiguse kabisa. Ahaa! Mtu anayetaka cheo changu anifundishe njia ya kukipata? Thubutu! Nitafanya kinyume chake, neno kwa neno. Nimefanya mazoezi jikoni juu ya stuli, mfuniko wa sufuria kubwa ndio usukani. Sikugonga kitu, isipokuwa kabati.

Jumamosi, 8 Machi

Nimedhalilishwa!

Kwanza gari. Jekundu, la chini, kuingia ni kama kutambaa uvunguni mwa kitanda. Nikafungua mlango, nikakaa, nikafunga mkanda, nikawatazama wote kwa utulivu. Usukani haupo. Uko kiti cha pili! Watu wakaangua kicheko, hata mtu wa zimamoto wa pale uwanjani. Mazoea tu. Yangempata yeyote.

Pili, mkufunzi. Mwanamke, kofia ngumu kwapani, akanipa shikamoo kwa heshima zote. Ile sauti! Alikuwa mwanafunzi wangu chuoni, nilimfelisha mara tatu. Mara ya mwisho nilifunga breki kwa sababu ya paka. Kweli, paka mwenyewe alikuwa amelala juu ya ukuta, lakini angeweza kushuka. Akasema hana kinyongo nami. Uongo! Mimi ningekuwa nacho.

Mzunguko wa kwanza nikaenda kwa utaratibu, indiketa kila kona. Akasema si lazima. Sikuacha. Mzunguko wa pili vivyo hivyo. Akasema mwendo huohuo unatosha, hakuna anayenikimbiza, nimalizie tu. Cheti nilikuwa nakiona kabisa juu ya birika!

Ndipo gari la njano likanipita. Ndani yake kizee chenye ndevu nyeupe, mwanagenzi kama mimi. Kikanipungia mkono! Wala hakikuwasha indiketa! Damu ikanipanda. Nikakanyaga mafuta mpaka kona ya tano, ile inayoteremka kisha inakunja ghafla. Nikaikumbuka hila ya Miwani. Breki kabla ya kona? Hanipati ng'o! Nikaingia kwanza, ndipo nikaikanyaga kwa nguvu zote.

Nyuma ya gari ikataka kutangulia mbele. Ukuta wa matairi ukaanza kutujia. Mkufunzi akashika usukani kwa mkono mmoja, akafunga breki yake. Tukasimama kwenye kokoto, tukitazama tulikotoka.

Nikamfokea. Nikamwambia ningesimama mwenyewe! Akasema sentensi hiyo anaijua, yeye mwenyewe aliwahi kuniambia, mara tatu. Kisha akaandika kwenye fomu: Mkufunzi alifunga breki. Arudie. Maneno yangu! Ninayoyaandika miaka kumi na tisa! Ila yangu ni ya haki.

Jumatatu, 10 Machi

Miwani ndiye mkuu. Kanipa pole na kikombe cha chai. Nimekiacha kikapoa, ajue. Agizo lake la kwanza: walimu tupunguze kugusa breki, wanafunzi wajifunze kusimama wenyewe. Upuuzi mtupu! Kesho atatuambia tukae nyumbani.

Mchana nilikuwa na fundi cherehani, mama wa makamo, anafanya mtihani wa chuo mara ya tatu. Aliendesha vizuri mpaka nikaanza kumshuku. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu nikaikanyaga breki. Akanieleza polepole kwamba gari lilikuwa limeshasimama. Nikamwambia wote husema hivyo.

Nikafungua faili lake. Mwalimu alifunga breki. Arudie. Mwandiko umetoka mzuri sana leo.