Njama za Kuirudisha Tai

Jumatatu, 3 Machi
Msiba! Ofisi ya bima inayotazamana na duka letu imefuta tai. Meneja kaja kazini na fulana, kawaambia makarani kazi inafanywa na kichwa, si shingo. Baba, fundi suti tangu sijazaliwa, kaweka chaki chini. Asipopata oda ya suti wiki hii, anakwenda kushona fulana kwa binamu yangu. Binamu! Anayeniita Profesa mbele ya wateja! Sikubali.

Jumanne, 4 Machi
Nimetafakari hadi chai ikapoa. Kisha nikamnong'oneza tarishi wa bima: Alhamisi anakuja mkubwa kutoka makao makuu, na hawezi kumtazama mwanamume asiye na tai. Nikamwapisha asimwambie mtu. Kufikia mchana jengo zima linajua. Tarishi hodari sana.

Jumatano, 5 Machi
Wamefurika! Lakini kila mmoja kabeba suti aliyoolea, anataka itanuliwe. Matumbo hayo! Baba kafumua mishono kutwa akipiga mluzi. Nikamkumbusha kwamba kutanua si oda. Kaniambia nishike mkasi, ninyamaze. Suti ya meneja haikuwa na akiba ya kitambaa kwenye mshono. Kaichukua hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Makarani na meneja wao wamepanga mstari kwenye mlango wa ofisi yao, jasho linawatiririka. Mkubwa hakutokea. Angetokea wapi? Meneja kainama kuokota kalamu, koti likapasuka mgongoni. Nimelisikia nikiwa dukani! Tarishi kaninyooshea kidole. Msaliti! Meneja kavuka barabara kwa hasira. Nikamfafanulia: bosi akivaa fulana hubaki bosi, karani akivaa fulana hubaki na fulana. Akauliza, "Umemaliza, mwanangu?" Baba kanilazimisha kuomba radhi, kisha kamsitiri mzee wa watu kwa koti la kwenye sanamu ya dukani, ambalo hata bitana ya ndani halijatiwa.

Ijumaa, 7 Machi
Meneja kagoma kulirudisha koti! Eti halibani, na linakaa vizuri juu ya fulana. Anataka mengine ya namna hiyo. Makarani nao wanataka. Baba alikunja uso, halafu akashika futi. Bega ni bega, akasema. Binamu atauza fulana za kuvaa ndani ya makoti hayo. Duka limepona! Binamu kaniita Profesa bila kucheka. Alijitahidi, angalau.
Nimejifunza jambo kubwa: watu hawalazimishwi, husikilizwa. Kwa hiyo Jumatatu nitamnong'oneza tarishi, taratibu kabisa, kwamba mkubwa sasa anakuja mwezi ujao, na hawezi kumtazama mwanamume aliyevaa koti bila tai.