Fomu Yenu Imemfanya Dada Yangu Aseme Kweli

Selwyn Colclough,
Nyumba ya mwisho kabla ya ukuta wa kiwanda,
Tunstall, Stoke.
Aprili 23.

Kwa Mheshimiwa Mtoa Uamuzi,
Ofisi ya Mapitio ya Posho za Ulemavu.

Mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA FOMU YA KURASA AROBAINI, NA OMBI LA KURUDISHIWA DADA

Natumaini u mzima wa afya. Mimi si mzima, na hilo ndilo linalotufanya tuandikiane.

Kabla ya yote nikiri kwamba nakionea wivu cheo chako. Mtu unaamka, unavaa, unakwenda kazini, na kazi yenyewe ni kuamua. Mimi Jumatatu iliyopita nilianza kuamua kati ya soksi za kijivu na za bluu saa kumi na mbili asubuhi, na ilipofika saa tatu nikarudi kitandani miguu mitupu. Kwa hiyo naandika kwa heshima, kama mwanafunzi anavyomwandikia bingwa.

Nina miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nabandika mikono ya vikombe katika kiwanda cha vyombo vya udongo. Kama umewahi kunywa chai na kikombe kisikuponyoke, huenda ni kazi yangu. Kisha nikapatwa na sonona, na sonona ikamleta mwenzake, wasiwasi, wakawa kama wapangaji wawili wa chumba kimoja: mmoja haamki, mwingine halali. Mlinipa posho. Dada yangu mkubwa, Bernice, akawa ananitunza. Hatukuwa na ugomvi na mtu yeyote. Ndipo mwezi wa tatu mkanitumia bahasha ya kahawia mkitaka kujua kama bado naumwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Bahasha. Ilipoanguka mlangoni niliiinua kwa ncha za vidole na kuiweka ndani ya kasha la mkate, nikafunga kifuniko. Siku tisa sikula mkate. Siku ya kumi Bernice akaja, akafungua kasha ili anikaangie mkate na yai.

"Selwyn, bata wangu, hiki nini humu?" (Huku Stoke anayekupenda anakuita bata. Najua makao makuu hamwitani hivyo.)

"Mkate."

"Mkate wenye jina lako na muhuri wa serikali?"

Barua ya juu ilisema nisipojibu ndani ya mwezi mmoja, posho itasimama. Mheshimiwa, ugonjwa wangu ni wa kuogopa kufungua bahasha, na nyinyi mnanipima kwa bahasha. Ni sawa na kumwambia mtu asiyeweza kutembea kwamba fomu zinagawiwa ghorofa ya nne na lifti imeharibika, na asipopanda mtajua kwamba hana shida.

2. Simu. Bernice aliwapigia kuomba muda zaidi. Alisikiliza muziki wenu kwa saa moja na dakika kumi, huku akiosha vyombo, akianika nguo na kumtukana mpiga kinanda. Mwishowe akapokea kijana mstaarabu sana, akaomba nije mimi mwenyewe kwenye simu kuthibitisha kwamba siwezi kuzungumza kwenye simu. Nikaishika simu, nikapumua. Akasema inatosha, akatuongezea wiki mbili. Kwa kweli hili si lalamiko, lakini nilikuwa nimeshaandika namba.

3. Maswali. Mnauliza kama naweza kujiandalia mlo mwepesi. Naweza. Nitakutengenezea chapati za shayiri na jibini na nyama ya kukaanga mpaka uombe nyingine. Kupika hakunishindi. Kinachonishinda ni kuamini kwamba huyo anayepikiwa anastahili kula. Kwa maelezo hayo mmeniachia mistari mitatu.

Tena mnataka nieleze siku zangu mbaya kabisa, moja baada ya nyingine. Muuguzi wangu, Bi. Imelda, amenifundisha kwa miaka minne kuandika kila siku mambo matatu mazuri kwenye daftari dogo, hata kama la tatu ni kwamba mvua imenyesha kwa jirani. Sasa nina daftari lake na fomu yenu juu ya meza moja, na havisemezani.

Na ukurasa wa mwisho mnanionya kwamba mtu akitoa maelezo ya uongo anaweza kushitakiwa. Nimekaa na onyo hilo muda mrefu. Kila asubuhi kichwa changu huniambia kwamba mimi ni mvivu, kwamba naigiza, kwamba siku moja nitagunduliwa. Sikujua kwamba kichwa changu na ofisi yako mnaandikiwa hotuba na mtu mmoja.

4. Kifaa. Mnauliza: "Je, unatumia kifaa chochote kukusaidia kuoga, kuvaa au kula? Kitaje." Nikaandika: Bernice.

Alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, miwani puani, akaisoma kichwa chini miguu juu. "Mimi kifaa?"

"Wameuliza."

"Kifaa ni fimbo, Selwyn. Kifaa ni kile kiti cha bafuni. Mimi nina vyeti vya upishi."

Nikamwambia kwamba mara ya mwisho mliponipima, yule mpimaji aliandika kwamba nimekuja nadhifu, nywele zimechanwa, na nimemtazama machoni. Nywele zile alizichana Bernice kwenye maegesho ya magari, kwa kitana chenye mate, kama mtoto anayekwenda kupigwa picha ya shule. Macho niliyatoa kwa sababu alinifinya kabla sijaingia. Kama hicho si kifaa, sijui kifaa ni nini. Akasema, "Basi andika na mwaka nilioundwa," akainuka kuweka chai.

5. Ukurasa wa thelathini na nne. Hapa ndipo penye kiini cha barua hii, na ninakuomba kama umesimama ukae.

Ukurasa huo ni wa mtu anayemfahamu mgonjwa. Mnamwomba aeleze anachokiona yeye. Bernice aliubeba kwake, akaujaza, akaurudisha ndani ya bahasha, akaniambia, "Usisome. Hayo ni ya ofisi." Alipoondoka nikausoma.

Lazima ujue, Mheshimiwa, kwamba dada yangu ni mwongo, na mwongo mzuri. Kwa miaka sita sasa, nikikaa kimya asubuhi, hugonga mlango na kusema, "Nilikuwa napita tu." Nikimuuliza kwa nini aliacha kuwa mkuu wa jiko la shule akabaki mgawaji tu, anasema ukuu haukumfaa, kelele nyingi. Mimi nikawa naishi ndani ya uongo huo kama mtu anayeishi ndani ya koti zito. Niliamini kwamba siku nyingi najitegemea.

Aliwaandikieni hivi, nanukuu: "Kila siku saa nne asubuhi nasimama nje ya mlango wa mdogo wangu nasikiliza kama kuna sauti ya birika. Nikiisikia naenda kazini. Nisipoisikia nagonga. Niliacha ukuu wa jiko la shule ili niwe huru saa hiyo. Yeye hajui. Kuna siku mbili katika miaka hii ambazo kama nisingegonga, leo ningekuwa naandika habari za marehemu."

Siku hizo mbili nilikuwa nimezihesabu kama siku alizopita tu.

Nakuuliza, ni sheria gani inayoiruhusu ofisi ya serikali kumtoa mtu ukweli ambao familia yake yote ilikuwa imefanikiwa kuuficha? Mtaa wangu unaishia kwenye ukuta wa kiwanda. Hakuna mtu duniani anayeweza kupita kwangu akielekea mahali pengine. Nimeishi hapa miaka ishirini, na haikuwahi kunijia.

6. Kutoka nje. Fomu inauliza: "Je, unaweza kutoka nyumbani peke yako na kufika mahali unapopajua?" Kisanduku cha ndiyo, kisanduku cha hapana.

Nilikuwa sijatoka peke yangu kwa miezi saba. Siku ile nilivaa koti juu ya nguo za kulalia, nikachukua ukurasa wa thelathini na nne, nikatembea hadi kwenye jiko la shule, robo tatu ya maili, nimevaa ndara za chumbani. Nilikuwa na hasira, na hasira, Mheshimiwa, ni dawa ambayo daktari hajawahi kuniandikia. Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Bernice alikuwa anagawa viazi vya kuponda, mbele yake foleni ya watoto kama sitini.

Aliponiona hakushtuka. Alisimamisha mwiko hewani tu. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Umeandika humu kwamba unasimama mlangoni kwangu."

Akaendelea kugawa viazi. "Nasimama, ndiyo."

"Miaka sita?"

"Mwezi wa tisa itakuwa saba. Sogea, unazuia mchuzi."

"Ulikuwa unasema unapita."

"Kwenda wapi, Selwyn? Ukutani? Ulitaka nisemeje, bata? Niseme nimekuja kusikiliza kama bado upo?"

"Ungesema hivyo."

"Na wewe ungefungua?"

Nisingefungua. Baada ya hapo ile hasira ikaniishia, yote kwa mara moja, kama maji katika sinki. Nikaona watoto, nikasikia sahani, nikaona mlango niliojia uko mbali kuliko nilivyouacha. Nikashikilia ukingo wa meza ya viazi. Wapishi wenzake wakanikalisha stoo, kati ya magunia ya unga, na Bernice akakaa chini sakafuni na aproni yake, amenishika kisigino, mpaka teksi ilipofika. Nililala siku nne. Birika halikusikika hata mara moja.

Sasa niambie niweke tiki wapi. Nilikwenda, sikuweza kurudi. Nikiweka ndiyo, posho yangu inasimama, na ile ndogo anayopewa Bernice kwa kunitunza inasimama siku hiyo hiyo, naye itabidi afanye kazi tangu asubuhi na saa nne mlango wangu utakuwa hauna mtu. Nikiweka hapana, nimekuwa mwongo, na kuna mashahidi sitini, ingawa siku ile midomo yao ilikuwa imejaa viazi.

7. Hasara ninayoendelea kuipata. Siku ya tano nilisimama nyuma ya mlango tangu saa nne kasorobo. Nikasikia hatua, kisha nikasikia hatua zimekoma. Nikafungua. Alikuwa pale, sikio limeelekea kwenye mbao, mkoba kwapani.

"Nilikuwa napita," akasema.

"Ingia," nikasema.

Tangu siku hiyo anaingia kila asubuhi. Anakaa kwenye kiti changu. Anakunywa chai yangu, na katika wiki mbili amemaliza pakiti tano za biskuti, zile zenye tangawizi, ambazo hazikuwahi kupungua alipokuwa anasimama nje kama watu wenye adabu. Pia anauliza maswali. "Umelala? Kichwa kinasemaje leo?" Nami, kwa kuwa sasa anajua na najua kwamba anajua, nalazimika kujibu kweli. Juzi tulizungumza dakika arobaini. Mtu mwenye ugonjwa kama wangu hakustahili kufanyiwa hivi bila onyo la maandishi.

Kwa sababu hizo zote naomba yafuatayo: mwongeze kisanduku cha tatu kwa watu waliokwenda na hawakurudi, ukurasa wa thelathini na nne ufutwe nchi nzima, usije ukavunja familia nyingine zinazoishi kwa amani juu ya uongo, na mnirudishie dada yangu wa zamani, yule mwongo, aliyekuwa akisimama nje na asiguse biskuti. Nawapa mwezi mmoja. Msipojibu nitahesabu kwamba hamna shida.

Nimalizie kwa salamu. Msalimie yule kijana wa simu, mwambie pumzi zangu zinaendelea. Msalimie mpimaji wa nywele. Wasalimie wote wanaofungua bahasha hapo ofisini. Kazi yenu naijua ugumu wake kuliko mtu yeyote katika mji huu. Bi. Imelda anawasalimu pia, ingawa hajui kwamba anawasalimu.

Wako katika mapitio,

Selwyn Colclough

N.B. Bernice ameisoma barua hii na kusema kwamba mtu aliyeweza kuandika kurasa zote hizi mtasema amepona, na posho mtaikata kesho. Nimemweleza kwamba nimeiandika kwa siku kumi na moja, na kati ya hizo nane nilikuwa naitazama tu karatasi, lakini anasema hilo nalo halina kisanduku. Kwa hiyo naomba sana mhesabu kwamba hamkuipata, na madai yote yaliyomo nayaondoa, hasa lile la dada. Fomu yenyewe imo ndani ya bahasha hii, imejazwa, isipokuwa ukurasa wa thelathini na nne mtaukuta umechanwa. Ninao, na siurudishi. Nitumieni mwingine mtupu. Bernice amesema ataandika upya, na safari hii hatanihurumia.