Mpwa wa Koo Nkwan

Jumatatu, 4 Novemba

Mkurugenzi Boahen ametoa uamuzi saa nne kasorobo asubuhi, mbele ya wafanyakazi tisa wa redio na mwuza maandazi mmoja. Nani atasoma kipindi cha Desemba, cha kuwakumbuka waigizaji, waimbaji na watu mashuhuri waliofariki mwaka huu? Atakayechaguliwa na familia kusoma wasifu wa Koo Nkwan kwenye mazishi Jumamosi. Basi.

Kipindi hicho ni changu! Nimekisoma miaka kumi na tisa. Nina kabati lenye wasifu mia mbili na kumi na nne, themanini kati yake wa watu ambao bado wanakula na kulala vizuri. Mwandishi makini hujiandaa kabla. Wa Koo Nkwan niliuandika miaka sita iliyopita. Mwenyewe aliusoma, akacheka, akasahihisha mwaka wa kuzaliwa. Hakuna mtu Kumasi nzima anayeweza kumwandika vizuri zaidi mchekeshaji yule, aliyeingia jukwaani kwa miaka arobaini akiwa na sufuria kichwani.

Mshindani: Dufie. Binti wa miaka ishirini na saba. Anasoma hali ya hewa. Lakini yeye ni Bretuo, ukoo wa mama wa marehemu. Na kwetu maiti ni ya ukoo wa mama. Mke na watoto wana machozi, ukoo una kauli.

Mimi ni wa ukoo wa Aduana.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekuwa Bretuo.

Ilikuwa rahisi. Kikao cha ukoo, uani kwa Opanyin Sapong, mkuu wao. Nilipeleka chupa mbili za pombe ya jini. Nikasimama, nikaeleza kuwa bibi yangu mzaa mama alikuwa Bretuo wa Mampong, akahama kwa sababu ya ugomvi wa shamba la kakao. Kuhusu Mampong sikudanganya. Bibi alipita pale. Alikuwa anakwenda kwingine, lakini alipita.

Mzee alinitazama muda mrefu. Nikajua nimekwisha. Kumbe alikuwa anakagua uso. Akasema damu haipotei, pua hii ni ya marehemu kabisa. Wazee wakainuka mmoja mmoja kuitazama. Wakakubaliana: ni ile ile. Nikapewa nafasi ya kusoma wasifu niliouandika, na kitambaa chekundu cha wafiwa wa karibu.

Dufie hakupinga. Alinipa mkono, akasema, "Karibu nyumbani, kaka yangu." Kisha akauliza jina langu kamili linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja. Ushindi!

Alhamisi, 7 Novemba

Mabango ya tanzia yametoka. Picha ya marehemu na sufuria yake. Chini: waombolezaji wakuu, watoto, wajukuu, wapwa. Kwenye wapwa, wa tatu: Kwaku Adomako Frimpong, mtangazaji. Mara ya kwanza katika miaka thelathini ya kazi jina langu kuchapwa bila kosa. Dufie ndiye aliyepeleka orodha kwa mchapaji.

Bango moja liko kwenye nguzo mbele ya mlango wangu. Jingine liko sokoni, mkabala na meza ya samaki wakavu ya mama mkwe wangu.

Mama mkwe wangu ni Bretuo. Kwa hiyo binti yake ni Bretuo. Binti yake ni mke wangu.

Mwanamume wa Bretuo haoi mwanamke wa Bretuo. Ni sawa na kumwoa dada yake. Kila mtoto wa Kiasante analijua hilo kabla hajaota meno ya pili. Hata mimi nalijua. Ila Jumanne sikuwa nikifikiria ndoa. Nilikuwa nikifikiria Desemba.

Mama mkwe aliwasili saa saba na dakika ishirini, bango mkononi, gundi bado mbichi. Aliuliza, kwa sauti iliyofika kanisani, kama miaka yote hii kumi na sita nimelala na mwanawe kama mume au kama kaka. Nikamwomba atulie. Akasema atatulia kaburini. Konadu, mke wangu, hakupiga kelele. Alichukua nguo zake, redio yangu ndogo, na kinu cha kutwangia fufu ya mihogo pamoja na mchi. Kinu! Mke akiondoka na nguo, atarudi. Akiondoka na kinu, ni kesi.

Dufie alipiga simu kunipa pole. Alikuwa na swali moja: "Kaka, sasa Konadu nimwite wifi au dada? Nisije nikamvunjia heshima."

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeitwa kwa Opanyin Sapong. Swali fupi: Bretuo, au si Bretuo? Nikiwa Bretuo, ndoa imekufa leo. Nisipokuwa, nimewadanganya wazee msibani. Nikapendekeza njia ya tatu: huenda Konadu ndiye si Bretuo, ichunguzwe. Mama mkwe akavua kandambili. Nikaliondoa pendekezo.

Nikakiri. Aduana, tangu bibi wa bibi yangu. Mzee akauliza, je, pua? Nikasema pua ni ajali. Ua mzima ukacheka. Yeye hakucheka.

Hukumu: kondoo mmoja wa kusafisha maneno yangu, aletwe Jumapili. Kitambaa chekundu kirudi. Wasifu ubaki, maana ni mzuri mno kutupwa. Dufie atausoma.

Jumamosi, 9 Novemba

Mazishi. Viti elfu mbili na mia tatu. Nilivihesabu. Kondoo nilimleta leo badala ya kesho, ili wazee wanione mtu wa kutimiza, pengine wabadili mawazo. Hawakubadili. Hapakuwa na mahali pa kumfunga. Nikasimama naye safu ya mwisho, nyuma ya spika.

Dufie alisoma vizuri. Naandika hivyo kwa ajili ya usahihi tu. Alipofika pale sufuria ilipomshuka Koo Nkwan hadi kidevuni mbele ya waziri, naye akaendelea kuigiza dakika kumi bila kuona kitu, watu walicheka mpaka viti vikalia. Mjane alicheka pia, kisha akafunika uso kwa ncha ya kitenge. Niliupanga hivyo makusudi, kicheko kwanza. Macho yangu yalikuwa na vumbi.

Kisha ikaja sentensi ya mwisho, niliyojiandikia mwenyewe na kusahau kuifuta: "Na anayemjua kuliko wote ndiye huyu mnayemsikia sasa." Dufie aliisoma ilivyo. Makofi, dakika mbili. Boahen alisimama. Kondoo akala nakala yangu, kurasa tatu kati ya nne.

Jumapili, 10 Novemba

Kondoo amechinjwa. Maneno yamesafishwa. Desemba ni ya Dufie.

Konadu amerudi saa kumi na mbili jioni, na kinu, bila redio. Akakiweka mahali pake, akanipa mchi, akasema, "Haya kaka, twanga." Nimetwanga. Nimeapa mbele ya mama yake kwamba sitabadili ukoo tena maisha yangu yote.

Jumatano, 13 Novemba

Habari imeingia saa tatu asubuhi. Mwimbaji Efua Tawia amefariki Cape Coast, miaka themanini na moja. Wasifu wake uko kabatini tangu mwaka juzi. Boahen anasema kipindi cha Desemba kinaweza kubeba wasomaji wawili, iwapo familia ya Efua itachagua msomaji wa kwao. Ni Wafante, watu wa pwani. Ukoo wa Nsona.

Wakati wa chakula nimemwuliza Konadu, kwa utulivu, kama kwao kuna Nsona. Hakuna. Kwa mama yake je? Hakuna. Akauliza kwa nini. Nikasema utafiti. Akaangalia kinu, kisha akaniangalia mimi.

Bibi yangu alipita Cape Coast pia. Nina hakika.

Naondoka kesho na basi la alfajiri. Kondoo nimekwisha kumnunua. Nimemfunga kwa jirani, anakula bango la Koo Nkwan. Mwandishi makini hujiandaa kabla.