Jinsi Bwana Afya Alivyoshuka Garini Katika Nchi ya Simba

Enyi mliokwisha kukaa na ninyi mnaotafuta pa kukaa, sogezeni viti, zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa, kwa maana nataka kuwasimulia habari za shujaa aliyekwenda mbugani kuona wanyama kwa mara ya kwanza, akatenda huko tendo ambalo hata wafalme wa kale walilitenda, ila hawakupata mtu wa kuwaandikia.

Shujaa huyo ni Bwana Afya, mkaguzi wa vyoo na majiko ya mji mzima, mfunga migahawa, tishio la wauza supu. Ndiye aliyeamuru yaandikwe kwa rangi nyekundu, katika kila ukuta wenye kivuli, yale maneno mazito: USIKOJOE HAPA. Na yeyote aliyekaidi alishikwa zipu ikiwa wazi, akahutubiwa juu ya kipindupindu mbele ya wapita njia, mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini ngome hii ilikuwa na ufa. Mbuga ilikuwa mwendo wa asubuhi moja tu kutoka mlangoni pake. Wageni walivuka bahari kuja kuiona, lakini yeye alimjua simba kwa picha ya kalenda tu. Jambo hili lingebaki siri kama si mama mkwe wake, bibi mwenye maneno machache na macho makali, ambaye tangu siku ya posa hakuwahi kumpenda mkwewe wala kumchukia; alikuwa akimsubiri tu. Siku moja mezani, Bwana Afya akiwa katikati ya kueleza tabia za simba kwa mapana na marefu, mama mkwe akasafisha koo.

"Mkwe, huyo simba ulimwona wapi?"

Bwana Afya akatafuna polepole kuliko tonge lilivyohitaji. Mkewe akainamia sahani.

"Mama," akanena shujaa, akilaza kijiko kama mtu alazaye upanga, "swali hilo halijibiwi kwa mdomo. Litajibiwa kwa macho, yangu na yako. Jumamosi tunakwenda sote, nawe utashuhudia mkweo akitazamana uso kwa uso na mfalme wa nyika."

"Haya," akasema mama mkwe. "Tutaona."

Jumamosi ikapambazuka nyekundu kama jicho la jemadari. Bwana Afya akavaa suruali yenye mifuko hadi magotini, kofia yenye kamba ya kidevuni, na shingoni akatundika darubini ya kuazima. Kisha, kwa kuwa hakuna jeshi liendalo vitani na koo kavu, akanywa chai. Akanywa ya kuaga nyumba, akanywa ya kungojea gari, na alipoona chupa ingali nzito, akaihurumia akaipunguzia mzigo.

"Baba watoto, njia ni ndefu," mkewe akamwambia. "Punguza hiyo chai."

"Mke wangu, mwili wa mwanamume ni boma. Kilichoingia hakitoki bila amri yangu."

Maneno haya nayaandika kama yalivyosemwa, wala siyaongezei chumvi.

Langoni mwa mbuga askari akawasomea sheria: asishuke mtu garini mpaka kambini. Bwana Afya, ambaye hupenda marufuku kama wengine wapendavyo muziki, akamshika mkono kwa heshima. Wakaingia. Pundamilia wakawapa mgongo. Twiga akawatazama kutoka juu, kama karani amtazamavyo mtu aliyefika ofisini wakati wa chakula. Na kila mnyama Bwana Afya alimtolea hotuba, hadi mkewe akajifanya amelala.

Ndipo katika bonde lililo chini ya mkanda majeshi ya chai yakaanza kujikusanya. Mwanzo wakaja wapelelezi, akawapuuza. Wakaja wapiga ngoma, na kila shimo la barabara likawaitikia. Hotuba zikafupika. Kwa swala alisema maneno machache. Kwa nyati hakusema kitu.

Dereva akazima injini. "Simba," akanong'ona. "Pale kwenye kichaka."

Walikuwapo, dume na majike yake, wamelala matumbo juu kama watu waliotoka karamuni. Gari lilikuwa limefunguliwa paa, na mama mkwe akasimama, kiwiliwili nje, uso umemng'aa.

"Mkwe, njoo umwone. Amefumbua jicho."

"Namwona, mama," akajibu shujaa, magoti yamebanana kama kurasa za kitabu kipya.

"Unamwonaje, na wewe unatazama viatu?"

"Dereva, tumeshaona," akasema Bwana Afya kwa sauti nyembamba. "Twende."

"Twende wapi? Ndiyo kwanza tumefika," akasema mama mkwe.

Hapo mfalme wa nyika akainuka. Akapiga miayo. Akakipa kichaka kisogo, akainua mkia, akakojoa. Alikojoa bila haraka wala kibali, na wakati wote huo macho yake ya manjano yalimkazia Bwana Afya. Hivyo kiapo cha mezani kikatimia, wakatazamana uso kwa uso. Na mmoja wao alikuwa akilia.

Walipoondoka hatimaye, shujaa akajiburuta hadi karibu na usukani.

"Ndugu dereva," akanena, "katika maisha ya kila kiongozi hufika saa ambapo sheria na maumbile hukutana njia nyembamba, na mmoja hana budi kumpisha mwenzake."

Dereva akamtazama kwenye kioo. "Unataka kukojoa, mzee?"

"Umesema wewe."

"Kambini bado mbali sana." Dereva akapunguza mwendo mahali peupe penye majani mafupi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasimama juu ya kiti akatazama tena. "Hapa huwa watu wanashuka kukagua tairi. Kagua la nyuma. Usiliachie gari."

Bwana Afya akashuka katika nchi ya simba. Upepo ukavuma katika mifuko yake yote. Akafika kwenye gurudumu, akajiandaa, na ngome iliyokuwa ikitetemeka tangu asubuhi ikakataa kufunguka. Maana juu yake, nyuma ya kioo, alikaa mama mkwe. Na moyoni mwake ziliwaka kwa rangi nyekundu kuta zote za mji. Akawaza juu ya wale aliowahutubia, akaona kwamba walikuwa watu wa kawaida, tena wenye haraka.

Ghafla kutoka shimoni akachomoza ngiri na watoto wake, pembe nje, akamkazia macho. Bwana Afya hakuweza kukimbia, wala hakuweza kujifunga. Akasimama. Na kwa woga ule ule, malango yakafunguka, mto ukashuka kwa kishindo juu ya tairi, na ngiri, aliyekuwa hajawahi kuona jambo kama lile, akainua mkia na kukimbia na ukoo wake wote.

Shujaa akarudi mlangoni, mwepesi, amechangamka, tayari kwa dhihaka yoyote. Mama mkwe alikuwa akitazama mbali, mikono imeukumbatia mkoba.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

Bibi yule akauweka mkoba kitini. "Basi nisaidie na mimi nishuke. Tangu langoni nimejibana."

Shujaa hakucheka, na hilo historia imhesabie. Akampa mkono mama mkwe, akamshusha kama ashushwavyo malkia. Mkewe akafungua kanga na kuitandaza kati ya mlango na gurudumu, naye Bwana Afya akawapa mgongo, akasimama kati yao na nyika yote, darubini mkononi kama rungu.

"Mkwe," sauti ikatoka nyuma ya kanga.

"Naam, mama."

"Pametulia mno hapa. Imba kitu."

Nyimbo zote alizozijua zikamkimbia, ukabaki mmoja. Akabana visigino, akatunisha kifua kuelekea vichakani, akauimba wimbo wa taifa. Dereva, kwa mazoea, akavua kofia na kusimama wima. Ubeti wa kwanza ukaisha, na nyika ikawa kimya.

"Bado," ikasema sauti ya nyuma ya kanga. "Endelea, mwanangu."

Basi na iandikwe, wasome wajukuu: siku ile, katika nchi ya simba, mwanamume mmoja aliimba beti zote, hata ule wa mwisho ambao taifa lenyewe limekwisha kuusahau.